Kamba Imepita Chini ya Cherehani

Jumatatu, 4 Machi
Nimeshinda! Kwenye mkutano wa mtaa, fundi uashi alitaka eneo la hifadhi lipimwe kuanzia maji ya mto yalipo leo. Nikasimama. Nikaeleza — kwa utulivu, nadhani — kwamba mto si maji tu. Ni pamoja na ardhi unayoidai unapofurika. Basi tupime kuanzia alama ya mafuriko ya mwisho, hatua thelathini. Kilichomo ndani kibomolewe, tupande matete na miti. Bila kumwonea mtu haya, nikasisitiza. Akaniuliza kama nimelitembelea eneo lenyewe. Nikamjibu kwamba kanuni haitungwi kwa miguu. Watu wakacheka — upande wangu. Kura zote, isipokuwa yake.

Jumatano, 6 Machi
Vigingi vyekundu vya mpaka vimeanza kupigwa upande wa juu. Muuza mkaa kakibomoa kibanda chake mwenyewe, hakunung'unika. Akanipa mkono wenye masizi: "Wewe kijana hupindishi." Nikajiona mrefu kuliko nilivyo.

Alhamisi, 7 Machi
Leo nimepima upande wetu, peke yangu. Alama ya mafuriko ipo kwenye ukuta wa jirani wa chini. Nimepima, nimerudia, nimerudia tena. Kamba inapita chini ya cherehani ya Mama na kutokea nyuma ya chumba chake cha kushonea. Chumba kizima kimo ndani! Kilijengwa baada ya mafuriko, nami nikiwa chuoni, sikuwahi kukifikiria.

Chumba hicho ndicho kinachotulisha. Digrii yangu bado haijatulisha.

Ijumaa, 8 Machi
Nimetunga hoja kadhaa. Kwamba ile alama ni unyevu wa ukuta tu. Kwamba cherehani haichafui mto. Nzuri zote — na zote nilizivunjavunja Jumatatu, hadharani.

Nikamfuata fundi uashi, nikadokeza kwamba huenda kipimo kinahitaji kuangaliwa upya. Akaendelea kukoroga saruji. Hana neno, akasema. Niitishe mkutano, nisimame, niseme. Kisha, bila kuinua macho: "Ila mwenye mkaa mwekee kiti cha mbele."

Mama ameuliza mbona sili. Dada kamjibu kwamba Profesa — ndivyo anavyoniita — anashiba maneno. 

Jumamosi, 9 Machi
Wamekuja kupiga vigingi upande wetu. Niliambiwa alasiri; bado ni asubuhi. Naandika chumbani kwangu, mlango nimeubana kwa kiti. Dirisha lina nondo — nimelitazama mara mbili, aibu iliyoje.

Nawasikia uani. Mama anawakaribisha kwa furaha. Anadhani wamekuja kunipongeza. Nyundo inabebwa na mwenye mkaa, kajitolea. Mama anauliza kigingi kinapigwa wapi.  Anajibu fundi uashi, kwa upole ambao sikuustahili: "Tuitie mwanao, mama. Kipimo ni chake."

Hatua zake. Anagonga.

"Baba, toka basi, wenzako wanakusubiri."

Nimesema naja. Amerudi kwenye chumba cha kushonea. Namsikia akiiburuta meza ya cherehani, awapishe wapite.