Unga Juu ya Kitanda

Jumanne, 8 Aprili
Mkate wa kuuza umeisha asubuhi mapema, kama jana. Ziwa limefika ngazi ya nyuma. Bahati, mume wangu, hana wasiwasi. Tuna asiransi, bima ya mafuriko, anasema. Mimi nina wasiwasi. Tanuri na unga wote viko chumba cha chini, upande wa ziwa.

Alhamisi, 10 Aprili
Mama mkwe amefika kutoka Luvungi. Kwa miguu, na sufuria moja. Vita imefika kwao. Barabara ya Bukavu imefungwa. Unga mwingine hautakuja.

Ijumaa, 11 Aprili
Nimekwenda ofisi ya asiransi. Ajenti amenieleza polepole. Chumba cha chini hakilindwi kama vya juu.
"Ukuta, ndiyo. Tanuri, ndiyo, sababu imejengwa na nyumba. Lakini unga iko kitu ya kubeba, Mama. Kule chini hatuilipe."
Nimemchukia Bahati njia nzima.
Nyumbani nikasema tupandishe unga chumbani kwetu. Akakataa. "Miye siwezi lala na magunia."
Mama yake akajitwika gunia la kwanza, uzee wote ule, akalitupa kitandani kwetu. Bahati akaona haya. Amebeba yote yaliyobaki.

Jumapili, 13 Aprili
Tumerudi kutoka misa na matawi ya mitende mkononi. Ziwa limeingia. Chini maji kiunoni. Tanuri imezama. Nimelia.
Juu, unga mkavu. Wote.

Jumatatu, 14 Aprili
Mama mkwe ameomba pipa kuukuu kwa jirani wa juu barabarani, maji yasikofika. Tumelilaza uani kwa jirani, tukalikandika udongo liwe tanuri. Bahati amekanda. Mikate ya kwanza, makaa matupu. Ya pili, mizuri. Nimekula mmoja nimesimama, unaniunguza.

Jumatano, 16 Aprili
Foleni mpaka barabarani. Watu waliokimbia vita kutoka Runingu, watu wa mtaa, masista. Mkate ni kwetu tu.
Ajenti amekuja, amepima ukuta na tanuri. Vitalipwa. Kisha naye akapanga foleni.
Tumeshinda. Ziwa, vita, vyote. Naandika bila aibu.

Jumamosi, 19 Aprili
Kesho Pasaka. Mvua ndogo. Bahati amesinzia kwenye kiti.
Mama mkwe anachambua maharagwe mlangoni. Tangu ndoa ananiita mke wa Bahati. Leo amesema, "Mwanangu, kuya ukae."
Nimekwenda, nimekaa.