Nyuzi Hazikufuata Jua

Mwanangu Zaina,

Naandika mwenyewe, kwa penseli yangu ya kupimia mbao. Mama yako alitaka mwalimu aje aniandikie, nikakataa. Ubishi huu ni wangu na wewe.

Ulikuja likizo kutoka chuoni na vipande vyako vya maabara visivyo na rangi, vyembamba kama vibanzi, ndani ya chupa nyeusi. Ukasema chembe zake zimejipanga mistari, na mwanga ukizigusa zinashikana palepale ziliposimama, zinakuwa uzi mrefu bila kuyeyuka. "Kama watu wa msaragambo, kazi ya kijiji, baba. Wakishasimama mstari, kilichobaki ni kushikana mikono." Nikakucheka mbele ya wapasuaji mbao wote wa Shume. Hapa hakuna anayesoma nyuzi za mbao kunishinda mimi, na nikasema nyuzi hufuata jua, kama mti unavyolifuata. Ukaniachia chupa. "Jaribu mwenyewe, baba."

Sikujaribu. Ukaugua, ukaondoka, unajua baba yako hajakuamini. Hilo ndilo linaloniuma.

Juzi, baada ya arobaini yako, niliifungua. Nikapanga vipande dirishani, vitatu vinaelekea jua, vitatu nikavikingamisha. Nilijua nakushinda. Vyote vikageuka bluu iliyokolea. Nikachukua kisu, nikapasua kimoja kimoja. Zaina, vyote vimepasuka kwa urefu wake, vikatoa nyuzi kama katani. Hata vile vya kukingama. Jua liliviamsha tu, njia vilikuwa nayo tangu mwanzo.

Bado nikabisha, unanijua. Kingine kutoka chupani nikakiyeyusha kwenye kijiko, juu ya makaa, jikoni gizani, kisha nikakitoa uani, jua la utosini. Kikabaki maji tu, bila rangi. Mstari umevunjika, nani atamshika nani.

Basi. Nimepasua mbao za misikiti na za makanisa milima hii yote, sijashindwa na mtu ila wewe. Na wewe nilikuzaa mimi, kwa hiyo ushindi umebaki nyumbani.

Nimeacha kipande kimoja chupani. Ijumaa tukitoka msikitini nitawaita walewale niliokucheka mbele yao, nikianike juani, nikipasue wakiona, niseme kwa sauti kwamba Zaina alisema kweli na mimi nilikosea. Neno hilo hawajawahi kulisikia kinywani mwangu.

Pumzika, mwanangu. Kisu nimeshakinoa.

Baba yako