Meno Yaliyowahi Simu

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka, mkubwa wetu. Nawe Wifi, mama wa nyumba hiyo. Nanyi wanangu, mnaotuzidi kimo kila picha ikija:

Naomba barua hii isomwe mkiwa mmeketi pamoja, kwa maana inawahusu wote. Hamjambo? Kazi na masomo vinakwendaje? Sisi tu wazima. Mama naye ni mzima, Mungu ashukuriwe, ingawa wiki hii alitutia hofu.

Kaka, Jumanne ulipompigia kwa video, alizungumza nawe amejifunika mdomo kwa mtandio. Ukamtania, "Mama, siku hizi unanionea haya?" Akacheka kwa macho tu.

Alikuwa mezani simu ilipoita. Kwa kuchelea usije ukakata, aliumeza mkate bila kuutafuna, na meno yake ya bandia, yale yenye vishikizo vya waya, yakashuka nao na kukwama kifuani. Akavumilia mpaka ulipomuaga. Ndipo akaniita kwa mkono, mate yakimtoka, hawezi kumeza hata maji.

Hospitalini, daktari alisema hayafai kungojwa yashuke wala kuvutwa hivi hivi, waya ungemchana. Alimlaza kwa dawa, akapitisha mdomoni mpira mwembamba wenye kamera, akayabana kwa koleo dogo, akayafunika kwa kikinga laini, akayatoa taratibu. Mama hakupasuliwa popote.

Alipozinduka, muuguzi akamchokoza: "Bibi, meno haya yalikuwa yanakimbilia wapi?"

"Yalikuwa yanawahi simu ya mwanangu," akajibu, sauti ikikwaruza. "Huyo akikata, kumpata tena ni kazi."

Muuguzi alicheka sana. Mimi nilitoka nje kidogo.

Maana mimi ndiye ninayemwona akila na simu kando ya sahani, akiuliza kama mtandao upo. Mgeni akivuta kiti chako, humwonyesha kingine kwa upole, bila kutaja sababu. Nami vilevile, gari likipunguza mwendo nje, huacha ninachofanya nikasikiliza.

Shangazi na wadogo zetu, wanaowasalimu nyote, tulikutana jana mbele ya Mama. Tumekata shauri: likizo hii ya watoto mje, wote. Wifi achague siku. Wewe, Kaka, kesho asubuhi ukaombe ruhusa kazini. Msitueleze ugumu wa safari, tunaujua. Tunangoja tarehe tu.

Mola awafungulie njia.

Mdogo wako, akupendaye na kukutamani,
Dada.