Mfuko wa Mkate Mlangoni

Shoga Graciete, uko? Usimwambie mtu.

Mimi, mume wangu na mama mkwe tumeegesha gari letu la kulala hapa Zambujeira, pwani. Evaristo kaniapia hajawahi kufika huku.

HAJAWAHI, Graciete!

Asubuhi nafungua mlango, nakuta mfuko wa mkate unaning'inia kitasani, kama mwokaji anavyowawekea wenyeji. Na sisi tumefika jana!

Mara mwokaji mwenyewe huyo. "Evaristo! Uliponipigia ukasema mikate mitano nilishangaa. Si huwa miwili?"

Miwili. MIWILI, shoga!

Namgeukia mume wangu, eti, "Kanifananisha tu."

Kanifananisha! Mpaka jina?

Nikamtazama mama mkwe. Wala hakushtuka. Akanisogezea siagi, akasema polepole: "Kula, mwanangu. Mimi nilimkataza asikulete huku."