Mkwe Wangu Ana Dereva wa Siri

Mpendwa mshauri, msaada nauomba kwa shingo upande, maana mtaani kwetu mimi ndiye ninayeombwa ushauri, na wenzangu wakijua nimekuandikia watacheka mpaka wakae chini, kwa hiyo jina langu usilitafute.

Mimi ni bibi wa wajukuu watano, fundi cherehani, nashona sare za shule barazani pa nyumba yangu mwenyewe, na darasani niliishia la nne lakini hakuna mwalimu aliyewahi kunirudishia sketi eti imepinda. Mwanangu wa mwisho alipata kazi ya mbali, akaniachia mke wake mwenye mimba pamoja na gari lake dogo, akaniambia, "Mama, jifunze kuendesha, uchungu ukianza usihangaike kutafuta mtu, wewe ndiye utakayempeleka hospitali," basi nikajifunza, nikafanya mtihani pamoja na vijana ambao kaptula zao za kwanza nilizishona mimi, nikafaulu, leseni nikaitia kwenye fremu nikaitundika sebuleni, mpaka askari aliponisimamisha barabarani akaiulizia ndipo nikajua kumbe inatakiwa itembee na mimi.

Sasa sikiliza aibu yangu. Juzi nimekaa kwenye mashine, mkwe wangu yuko nyuma ya dirisha anaongea na jirani yetu dereva wa teksi, akidhani cherehani inapiga kelele siwezi kusikia, kumbe uzi umekatika nami nimenyamaza natafuta tundu la sindano, nikamsikia akisema, "Kaka, uchungu ukianza nitakupigia wewe, ila nakuomba mama asijue, mama nampenda sana, lakini mtoto nataka nimzalie hospitali, si njia panda." Jirani akacheka. "Shemeji, hata mimi nikimwona anatoka getini huwa naegesha kwanza apite." Wakacheka wote wawili. Mimi tundu la sindano silioni tena, machozi yamelifunika.

Mshauri, kinachoniuma si kwamba amenificha, kinachoniuma ni kwamba ana sababu. Gari lile halina klachi, lina pedali mbili tu, na mimi maisha yangu yote nimeendesha cherehani ya miguu, miguu yote miwili juu ya pedali, kwa hiyo wa kulia nimeupa mafuta na wa kushoto nimeupa breki, yote miwili inachapa kazi. Mwalimu wa udereva alikuwa akinigombeza, "Mama, huo mguu wa kushoto upumzishe!" nikamjibu mguu unaopumzika asubuhi ni mguu mvivu, lakini mbele yake nikaupumzisha, leseni ilipotoka nikauajiri upya. Gari linakwenda likirukaruka kama mbuzi anayevutwa kamba, mkwe wangu anashika tumbo kwa mkono huu na mlango kwa mkono ule, ananiambia, "Mama, barabara hii ina mashimo," na barabara yenyewe ni lami imenyooka kama rula.

Halafu kuna njia panda ya sokoni. Pale pana alama ya kusimama, naijua, hata kwenye mtihani niliijibu vizuri, ila wanaotoka upande wa pili ni vijana watupu, na mimi sijaona mtoto anayemtangulia mtu mzima mlangoni, kwa hiyo mimi napita. Wiki iliyopita tunatoka kliniki, nikapita kama kawaida yangu, kijana wa lori akafunga breki mpaka matairi yakalia, nami nikashtuka nikakanyaga pedali zote mbili, gari likanguruma, likaruka, likasimama katikati ya njia. Mkwe wangu hakuwa amefunga mkanda, maana mimi mwenyewe nilimkataza nikisema utambana mtoto, akaenda mbele mzimamzima, tumbo lilibakiza kidogo kugonga dashibodi, akajizuia kwa mikono. Nikateremsha kioo nikamwambia yule kijana, "Wewe huna mama?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Ninaye, bibi, ila wa kwangu husimama." Soko zima likaangua kicheko. Mkwe wangu anatetemeka tu, nikamwuliza, "Unasikia baridi?" akaniambia, "Ndiyo, mama," na jua la siku ile lingeweza kukaanga yai juu ya boneti.

Mwezi wake umeshafika. Nimkataze yule jirani, au nijifanye sikusikia? Na watu nimeshawatangazia kwamba mjukuu huyu namfikisha mimi. Nijibu kwa maneno machache, na usiniletee lugha ya vitabuni.

Ni mimi, Fundi wa Miguu Miwili.

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, Fundi. Salamu nimetoa, sasa nivumilie, maana ni heshima hiyohiyo iliyokupitisha mbele ya lori.

Mkwe wako hajakudharau. Mtoto wa watu ameona kifo kwa macho yake akasingizia baridi, kwa sababu hajui mama mkwe anaambiwaje "punguza mwendo." Ungekuwa umembeba binti yako wa kumzaa, angekupigia kelele tangu siku ya kwanza. Wewe ulidhani ukimya wake ni adabu. Ulikuwa woga, mama.

Alama ya kusimama haina mkubwa wala mdogo. Unasimama mpaka matairi yatulie kabisa, unatazama huku na huku, na lori likija unalipisha, hata kama dereva wake ulimfunga nepi. Lori lenye mzigo halioni mvi.

Na huo mguu wa kushoto uuachishe kazi. Wa kulia peke yake unatosha: ukitoka kwenye mafuta, uende kwenye breki. Mtu akishtuka hukanyaga kwa miguu yote aliyonayo, ndipo gari lisijue limtii nani. Mtafute yule mwalimu uliyemdanganya, mwombe radhi, mrudi uwanjani mpaka uzoee mguu mmoja. Sketi ikipinda unafumua, lakini barabarani hakuna kufumua.

Suala la mkanda limenitoa jasho. Nani alikwambia mjamzito hafungi mkanda? Hufunga kila safari. Wa chini unapita chini ya tumbo, juu ya nyonga, na wa juu unapita katikati ya matiti na kando ya tumbo. Hiyo ya kumbana mtoto iache leo. Na simu hukuitaja, lakini nakujua: ukiwasha gari, iingie mkobani.

Siku ya uchungu hutaendesha wewe. Hata dereva hodari, mkwe wake akiwa analia pembeni, macho hayakai barabarani. Jirani ni dereva wa kazi, na mwenye tumbo amemchagua mwenyewe. Kuhusu hao uliowatangazia, waache wacheke. Heri mtaa ukucheke kuliko ukupe pole.

Kwa hiyo usijifanye hukusikia. Mwite leo, ukiwa umezima mashine, umwambie: "Mwanangu, nilikusikia ukiongea na jirani, na umefanya vizuri. Tena ukiwa ndani ya gari langu, siku yoyote ukiniambia simama, nitasimama." Ukishasema hivyo, nyamaza. Usimweleze ulivyoumia, ana maumivu yake yanakuja.

Siku ikifika, panda nyuma pamoja naye, funga mkanda, mshike mkono. Na dereva wa watu umwache aendeshe, usimfundishe kazi.