Biskuti zenye harufu ya soseji

Volker, usicheke. Nimejificha gereji.

Si unajua mama mkwe anaumwa bega? Mwaka huu aliniachia mimi kazi ya kuoka biskuti za Krismasi. Mimi, ambaye hajawahi kuniruhusu hata kugusa unga wake. Nikamwambia, "Mama, tulia, hiyo kazi ndogo."

Yeye donge lake la unga hulipitisha kwenye mashine ya kusaga nyama, ile ya mkono, litoke vipande virefu vya biskuti. Nikaona nitachoka bure. Nikatumia yangu ya umeme.

Ndiyo, hiyo hiyo tuliyosagia nyama ya nguruwe mwitu ya soseji. Niliiosha, Volker. Nilidhani nimeiosha.

Leo kwenye kahawa ya Majilio, zile wiki za kungoja Krismasi, ukoo mzima ulikuwa mezani. Mama mkwe akauma, akatafuna.

"Detlef, umetia kitunguu saumu?"

"Hapana, mama. Ni siagi tu."

"Siagi yako ilikuwa na manyoya?"

Baba mkwe, hata macho hakuinua: "Nipeni haradali."

Haradali, Volker, kama ya kulia soseji. Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Mama mkwe hakucheka. Aliniita jikoni. Nikajua nimefukuzwa kazi.

"Kesho asubuhi uje. Tunaanza upya, mbele ya macho yangu. Kwanza nikufundishe kuosha vyombo."

Kichwa kimejaa mvi, Volker, na kesho naanza chekechea.