Saa Isiyo na Mishale

Mabatini, Mwanza
9 Februari 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wote hapo Shirati mko wazima, mihogo imeshika na goti lako limekubali kukunjika. Huku mimi ni mzima, Jonathan ni mzima, mama yake ni mzima na maneno yake pia ni mazima.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya Odongo, jirani yako, inasikilizwa na mji mzima, na habari hii bado si ya mji. Mama, nina mimba ya miezi minne. Sikukuambia mapema kwa sababu ya yule wa kwanza. Niliogopa nikiitaja itasikia.

Kazi ni ileile, kiwanda cha samaki. Nasimama toka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, natoa ngozi kwenye minofu ya sangara, mikono ndani ya barafu. Nikifika nyumbani vidole havijui kama vimeshika kikombe au hewa. Jonathan yuko Geita kwenye ujenzi, anakuja mwisho wa mwezi. Mama yake tunaishi naye kile chumba cha juu kwenye mawe. Ananiita mkamwana hata mahali ambapo jina lingetosha.

Sasa sikia. Kliniki wana mpango wa wajawazito waliowahi kupata presha. Nesi mmoja, Hellen, amenivika saa mkononi. Haina mishale. Ukiigusa inawasha taa ya kijani chini yake, inahesabu mapigo ya moyo, hatua unazotembea na usingizi unaolala. Jioni inapeleka habari kwenye simu, na simu inampelekea nesi. Amesema mwaka huu hatutangoja miguu ivimbe ndipo tujue. Presha yenyewe ananipima kwa mashine yake nikienda, Jumamosi, kila baada ya wiki mbili.

Barua mpe Ojuok wa basi. Hafungui barua za watu, nimemjaribu.

Binti yako,
Akeyo


Shirati
20 Februari 2025

Akeyo mwanangu,

Marahaba. Goti limekubali kukunjika, limekataa kunyooka. Mihogo inaendelea, nguruwe pori nao wanaendelea nayo.

Habari yako nimeisoma nikiwa nimekaa, kisha nikasimama, kisha nikakaa tena. Sijamwambia mtu. Na sishoni nguo, unajua kwetu hatumshonei mtoto ambaye hajalia. Lakini kitambaa nimekinunua. Kitambaa si nguo.

Hiyo saa sina ugomvi nayo. Mimi nilizaa saba, na bibi yako alikuwa ananishika tumbo kwa kiganja, anasema huyu amelala vibaya, na kweli. Kama saa inaweza kufanya kazi ya kiganja, ivae. Ila nina swali. Mwaka ule ulipoanza kazi uliniambia mlangoni wanawavua hata pete ya ndoa, isije ikaangukia kwenye samaki wa Wazungu. Pete wanavua, saa wanaiacha?

Huyo mama mkwe wako akizidi maneno, mjibu kwa kunyamaza. Watu wa namna hiyo wanapenda mchana wa kukaa na jioni ya kulalamika.

Mama yako,
Dorcas


Mabatini, Mwanza
16 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Pole na goti, pole na nguruwe. Sisi hapa Mungu anatusaidia.

Swali lako lilinikuta nikiwa nimechoka, ndiyo maana nimechelewa kulijibu. Hapana, saa hawaiachi. Mlangoni tunanyoosha mikono kama watoto wanaokaguliwa kucha, msimamizi anaangalia hereni, pete, saa, hata uzi. Kwa hiyo naivaa nikitoka na nikilala. Mchana mzima ilikuwa haina mtu.

Nesi Hellen akaniuliza, mbona mchana wako mtupu? Nikamwambia naivua nikifua. Akasema, unafua kila siku toka alfajiri mpaka jioni, wewe una familia ya askari wangapi? Nikacheka, yeye hakucheka. Mama, sijamwambia kama nafanya kazi kiwandani. Niliandikisha mama wa nyumbani. Nikisema ukweli ataandika barua ya kazi nyepesi, na kibarua mwenye barua ya kazi nyepesi kesho yake hapangiwi zamu. Nimeona kwa Paskazia, tuliyekuwa tunasimama naye meza moja. Alipeleka barua Jumatatu, Jumanne mezani pake palikuwa na mtu mwingine.

Nilimsimulia mama Jonathan, nikidhani atanisema. Akanyoosha mkono. "Lete nivae mimi. Mimi si nakaa tu kutwa? Nesi anataka mtu aliyepumzika, atampata." Basi asubuhi namvika yeye, jioni navaa mimi. Anaipenda kuliko mimi. Jumapili aliivaa kanisani akakunja mkono wa gauni, watu wakamuuliza saa ngapi, akawajibu, "Hii si ya saa, hii ni ya moyo."

Nesi ameacha kuuliza kuhusu mchana. Naona tumepona.

Maji siku hizi hayanisumbui, nikirudi nakuta pipa limejaa. Mama Jonathan amepata mtu wa mkokoteni.

Binti yako,
Akeyo


Shirati
27 Machi 2025

Akeyo,

Marahaba mwanangu. Huku mvua imeanza, mbele ya mlango ni tope.

Mimi sikusoma zaidi ya darasa la nne, lakini hili nalijua. Ukipeleka mbuzi wa jirani kwa mganga wa mifugo, mbuzi wako hatapona. Huyo nesi anaangalia mtoto gani?

Yule wa kwanza alikwenda ukiwa na miezi saba. Ulinieleza mwenyewe, gamboti zilikataa kuingia miguuni, ukazipasua pembeni kwa kisu ukaenda kazini. Nilizika kile kitambaa changu pamoja naye. Sitaki kuzika kingine.

Sikuambii uache kazi. Mimi sili kwenye sahani yako, siwezi kuimwaga. Nakuambia usimdanganye mtu anayekushika mkono.

Mama yako,
Dorcas


Mabatini, Mwanza
13 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Sijui nianze wapi, hata kuulizia goti nimesahau. Goti lako je?

Jana ilikuwa Jumamosi ya kliniki. Nesi Hellen alinikalisha, akafunga mlango, akageuza simu yake niione. Kulikuwa na milima ya rangi nyekundu. Akasema, "Akeyo, nilikuambia upumzike. Juzi umetembea hatua elfu kumi na moja. Jumanne elfu kumi na mbili. Saa tatu asubuhi moyo umekimbia mpaka mia na arobaini na tano, ukatulia, ukakimbia tena, mara nne. Na katikati unarukaruka, haufuati mstari. Unapanda wapi? Unabeba nini?"

Mimi saa tatu nilikuwa nimesimama mahali pamoja, samaki mkononi. Nikasema labda nilikwenda sokoni. Akasema amenipangia Alhamisi kwa daktari wa moyo, na huenda wakanianzishia dawa. Akanipima presha kwa mashine, akakunja uso, akasema imepanda kidogo, inaendana na hayo anayoyaona.

Mama, moyo wenyewe si wangu.

Nilipanda mawe hadi nyumbani nikiwaza. Mkokoteni hauwezi kupanda mawe yetu. Miaka mitatu naishi hapa, sijawahi kuona mkokoteni zaidi ya bomba la chini. Nilijua na sikujua. Nilikuwa nimechoka, nikakuta maji, nikanawa.

Nikamkuta amekaa mlangoni anachambua dagaa. Nikamuuliza, "Mama, maji analeta nani?"

"Si nilikuambia, mtu wa mkokoteni."

"Anaitwa nani?"

Akachambua dagaa wawili watatu. "Anaitwa Ng'washi," akasema. Hilo ni jina lake mwenyewe.

Nikamwambia hiyo saa imemsema. Akaiangalia mkononi kama mtu aliyeumwa na kuku wake. Akasema, "Wakati wa yule wa kwanza ulikuwa ukitoka kazini unabeba ndoo mbili, na mimi nilikaa hapahapa nikikuangalia, nikisema mkamwana wa siku hizi anajidekeza. Sitaki kukaa tena." Kisha akasema dagaa wa siku hizi wamejaa mchanga.

Sasa nifanye nini? Nikisema, nimedanganya kliniki miezi miwili, kazi itakwenda, na huenda saa wakanichukulia. Nikinyamaza nitameza dawa za moyo wa mtu mwingine, na mwenye moyo hatapata. Miguu imeanza kuvimba. Gamboti bado zinaingia, ila natumia nguvu.

Ojuok anaondoka kesho alfajiri. Nijibu upesi.

Akeyo wako


Shirati
15 Aprili 2025

Akeyo mwanangu,

Marahaba. Goti achana nalo.

Barua nimeisoma mara moja, ikatosha. Ojuok nimemwambia basi lake lisiondoke mpaka nimalize, amekaa hapa nje anapiga honi.

Kesho nenda. Alhamisi ni mbali. Mwambie nesi yote, kuanzia pete mpaka dagaa. Nenda na mama Jonathan, mkae benchi moja, kila mtu apimwe moyo wake. Akichukua saa, achukue. Mtoto hakai ndani ya saa. Kazi ikienda, mihogo ipo, nguruwe hawajamaliza.

Na huyo mama nilimsema vibaya katika barua ya Februari. Nilisema anapenda mchana wa kukaa. Usimwonyeshe ile barua. Ichome. Mwambie mkwe wake wa Shirati anamsalimu, na kwamba ndoo aitue.

Mama yako,
Dorcas


Shirati
25 Mei 2025

Akeyo,

Hujambo mwanangu. Hujambo. Naandika mara mbili kwa sababu ya kwanza haikujibiwa.

Ojuok amepita mara tano bila barua. Mara ya tano aliniona kwa mbali akapunga mikono miwili mitupu, nikarudi ndani. Odongo amekwenda Tarime na simu yake, hajarudi.

Mtihani wangu ni huu: kitambaa nakiangalia, sikikati, sikirudishi. Niandikie hata mstari mmoja. Kama ni mabaya, andika mabaya. Nina umri wa kusoma.

Mama yako,
Dorcas


Mabatini, Mwanza
20 Julai 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Kata kitambaa.

Ni msichana, amezaliwa tarehe nne, kilo mbili na nusu. Analia kama anadai haki. Najua Odongo alikupa habari kwamba tuko wazima, lakini nilikuahidi moyoni kuandika mwenyewe, nikangoja vidole vipone. Mei sikuandika kwa sababu nilikuwa nimelazwa, na mkono wa kulia ulikuwa na sindano. Wa kushoto ulikuwa na saa, na huo hauandiki.

Nilikwenda kliniki tarehe kumi na sita Aprili, siku ileile nilipopata barua yako. Mama Jonathan akavaa gauni la kanisani. Nikamweleza nesi Hellen kila kitu. Aliacha kalamu. Alikasirika, Mama, sitakuficha. Alisema, "Miezi miwili nimemlea bibi wa miaka sitini na nne nikidhani namlea mjamzito." Mama Jonathan akamjibu, "Na umemlea vizuri, mwanangu, usiwe na wasiwasi." Hapo ndipo akashindwa, akacheka, akafuta macho.

Hakunichukulia saa. Alisema sasa ndiyo ataanza kazi. Akanivalisha mchana na usiku, wiki moja bila kuingia kazini, ukweli mtupu, na ukweli haukuwa mzuri. Moyo wangu ulikuwa haupumziki hata nikilala, na alipopima presha ilikuwa imefika ile ya mimba ya kwanza. Akanilaza siku hiyohiyo. Daktari akaniambia kwamba wiki moja zaidi ya kusimama kwenye barafu ingetupeleka palepale. Sikumwambia kwamba napajua palepale.

Kazi imekwenda. Nilipeleka barua Jumatatu, na Jumanne mezani pangu palikuwa na mtu. Nilimwona dirishani, msichana mdogo, anashika kisu vibaya. Nilitaka kuingia nimwonyeshe. Jonathan amesema tutaona. Siku hizi anakuja kila Jumapili, hangoji tena pantoni ya Busisi, anapita daraja jipya. Akifika kazi yake ya kwanza ni maji. Mama yake anasimama juu ya jiwe anamhesabia ndoo na kumwambia anamwaga njiani.

Naye amepewa vidonge vya moyo, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Amekatazwa kubeba. Mtoto anambeba, amesema mtoto si ndoo. Tumempa jina lake, Ng'washi. Amejifanya hakupenda.

Jumamosi nilirudisha saa. Nesi akaifungua mwenyewe, akaifuta, akaiweka kwenye boksi, kuna mwingine anaisubiri, wa Buhongwa. Mkononi umebaki mstari, ngozi iliyofifia, kama alama ya pete iliyovuliwa. Nilipofika nyumbani nilimwonyesha mama Jonathan. Akaweka mkono wake karibu na wangu, tukalinganisha. Wake pia una mstari.

Wake umekolea kuliko wangu. Yeye alitembea nayo juani.

Njoo umwone, na goti lako hilohilo. Mwambie Ojuok akuweke kiti cha mbele.

Binti yako,
Mama Ng'washi